Gavana Aliyeanzia Kwenye Mtaro wa Maji ya Mvua

Haya jamaa zangu, mnanisikia vizuri? Nimejifungia ndani ya gari, hita inanguruma, maana nje ni digrii 18 chini ya sifuri na simu nikiitoa tu inazima yenyewe. Niko Brooklyn Park, Minnesota, kwenye maegesho ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Zamu inaanza saa tisa, kwa hiyo tuna robo saa.

Wiki jana dada mmoja wa Kongowea aliniuliza magavana wa huku wakoje, ni kama wetu wa kaunti? Dada yangu, jina ni lile lile lakini rungu si moja. Wa huku ndiye amiri wa kikosi cha walinzi wa jimbo, na mswada wa bunge la jimbo asioutaka anaupiga kura ya turufu. Ila badala ya kukusomea katiba, nitakupa kisa cha mtu mmoja tu.

Wa rika langu, mnalikumbuka banda la video? Benchi la mbao, kanda imechakaa, picha ina mvua. Sasa ile sinema ya Predator ya 1987, kuna lile pande la mtu linalotafuna tumbaku, limebeba bunduki ya mitutu mingi, ile inayofungwa kwenye helikopta. Yule ni Jesse Ventura. Arnold Schwarzenegger, nyota wa sinema ile, tunajua alikuja kuwa gavana wa California 2003. Ventura alimtangulia hapa Minnesota, 1999. Sinema moja, magavana wawili, na sisi tuliokuwa pale bandani wala hatukuwa na habari.

Jina la kuzaliwa ni James Janos, mtoto wa Minneapolis, 1951. Baba alikuwa kibarua wa idara ya barabara za jiji, mama nesi. Akaenda jeshi la wanamaji enzi za Vietnam, akarudi, akagusagusa masomo North Hennepin, chuo kiko hapa hapa Brooklyn Park. Halafu mieleka. Miwani ya jua, manyoya ya rangi shingoni, na siku zote yeye ndiye mbaya, yule anayezomewa. Mwaka 1984 damu ikaganda mapafuni, ulingo ukamshinda, akahamia kutangaza. Na hapa nampenda: aliwahi kuwashawishi wanamieleka wenzake waunde chama cha wafanyakazi. Hakikuundwa, lakini baadaye aliipeleka kampuni ya mieleka mahakamani kudai fungu lake la mauzo ya kanda za video, na akashinda.

Siasa ilimkutaje? Mtaro! Halmashauri ya Brooklyn Park ilitaka kuweka mitaro na mabomba ya maji ya mvua kwenye mtaa wa akina Ventura, maji yote yakamwagwe kwenye kinamasi. Wenyeji wakakusanya saini, wakaenda kikaoni, madiwani wakawapuuza. Jamaa akakasirika, akagombea umeya dhidi ya mtu aliyekalia kile kiti miaka 18, akambwaga. Akawa meya 1991 hadi 1995. Mimi naipita ile mitaa kila siku nikienda kazini, nyumba za kawaida kabisa, miti mirefu. Leo kila ukigeuka unamkuta Mliberia, Mkenya, na dada yetu Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, mwaka 2024 alichaguliwa bunge la jimbo kutoka pande hizi hizi.

Twende 1998. Ventura anagombea ugavana kwa chama cha Reform, kidogo kuliko kiganja. Mbele yake Norm Coleman, meya wa St. Paul, na Skip Humphrey, mtoto wa aliyekuwa makamu wa rais wa nchi. Pesa hana. Tangazo lake la televisheni ni watoto wanacheza na mwanasesere wa Ventura akipambana na mwanasesere mwingine, fisadi mwenye suti. Watu wakacheka, halafu wakaenda kupiga kura: yeye asilimia 37, Coleman 34, Humphrey 28.

Wengi wanasema kilichompa ushindi ni ile sinema. Mimi nasema ni sheria. Kwetu daftari la wapiga kura hufungwa mapema. Hapa, tangu miaka ya 70, unajiandikisha siku ile ile ya kura, pale pale kituoni, na jirani aliyeandikishwa anaweza kukuapia kwamba kweli unaishi mtaa huo. Sasa mtu aliyeamka asubuhi amekasirika, jioni amepiga kura.

Kutawala je? Hapo ndipo palipomchosha. Alipoapishwa hakuwa na mbunge hata mmoja wa chama chake. Alianza vizuri: hazina ilikuwa na ziada, akawarudishia watu kodi kwa hundi, wakaziita hundi za Jesse. Akapigania treni ya umeme ya Minneapolis, ile ninayopanda nikienda uwanja wa ndege. Ilianza 2004, yeye keshaondoka. Lakini mdomo! Aliwatukana watu wa dini kwenye mahojiano. Waandishi wa habari aliwapa vitambulisho vimeandikwa Mbweha Rasmi. Hazina ilipokauka, bunge likapitisha bajeti juu ya turufu yake. Mwaka 2002 akasema hagombei tena, basi.

Kuna mzee ninamhudumia hapa ndani, amenipa ruhusa nisimulie ila jina nisitaje. Dirishani ana yule mwanasesere wa Ventura, mkono mmoja hana. Alikuwa hajapiga kura miaka mingi. Siku ile alitoka kiwandani na buti zake, akajiandikisha, akapiga. Nikamuuliza, mzee wangu, sera gani ilikuvutia? Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, nilitaka tu kuwaona wale wawili wamenuna.

Na ungempigia tena?

Akafikiri. Akasema hundi ilikuja, akaongezea kidogo, akanunua mashine ya kuondolea theluji. Mwanawe anaitumia mpaka leo.

Haya, saa tisa kasoro dakika mbili. Nazima gari.