Jabali la Wifi

ZUHURA: Haya, tupo. Baraka, usianze kucheka.

BARAKA: Sijacheka. Nimeuliza tu hali ya mchi.

ZUHURA: Wasikilizaji, wifi yangu mnamjua, yule yule wa mambo ya harusi. Kaniletea sambusa mbichi, kazikunja vizuri, manda nyembamba, nyama imekauka inavyotakiwa. Kwa sambusa sina neno naye. Ila kazitia zote mfuko mmoja, kafunga fundo, kasukumia kwenye friza. Jumamosi wageni wanabisha hodi, natoa mfuko, nakuta jabali. Sambusa hakuna, kuna jabali moja lenye kona.

BARAKA: Likapigwa mchi.

ZUHURA: Ungefanyaje, na mafuta yameshapata moto? Zikatoka nusu sambusa, robo sambusa, manda zingine zimeganda kwenye mfuko. Wageni wamekula nyama ya kusaga ya kukaanga, wakashukuru.

BARAKA: Basi ndiyo maana nikasema leo tuongelee kugandisha vyakula viwandani. Nimeandaa mafunzo matatu, nimeyaandika kabisa.

ZUHURA: Mtoto wa Mwanza na daftari lake.

BARAKA: Tuanze na wifi. Friza ya nyumbani ni nyuzi kama 18 chini ya sifuri, na hewa ya mle ndani imetulia. Ukitia mfuko mkubwa, sambusa za pembeni zinaganda, za katikati zinasubiri mpaka kesho. Unyevu ulio juu ya manda unageuka barafu na kuzishika zote pamoja. Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili huioni. Maji yaliyomo kwenye chakula, mengi yake yanaganda kati ya nyuzi 1 na nyuzi 5 chini ya sifuri. Ukipita hapo taratibu, barafu inajijenga chenga kubwa kubwa, zinachana nyama ndani kwa ndani. Ukipita haraka, chenga zinakuwa ndogo na nyingi, nyama inabaki salama.

ZUHURA: Ndiyo yale maji mekundu kwenye sahani ukiyeyusha nyama?

BARAKA: Hayo hayo. Utamu wote umevuja.

ZUHURA: Na nani aliligundua hilo? Usiniambie Mzungu mmoja.

BARAKA: Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu kule kaskazini, ndio waliokuwa wakiliishi. Huyo Mzungu aliwaona. Clarence Birdseye, Mmarekani, mwaka 1912 alikwenda Labrador, kule kaskazini mashariki mwa Kanada ya leo, kwa biashara ya ngozi za wanyama. Akakuta wenyeji wanavua samaki kwenye tundu la barafu, upepo unavuma, baridi inafika nyuzi 40 chini ya sifuri. Samaki anatoka majini, anakakamaa papo hapo. Wanamyeyusha baada ya miezi, anakuwa kama wa asubuhi.

ZUHURA: Kwa hiyo kaenda kutafuta ngozi, karudi na samaki.

BARAKA: Na deni. Kampuni yake ya kwanza ya samaki ilifilisika. Akaanza tena Gloucester, Massachusetts, mjini kwa wavuvi. Akafunga chakula kwenye paketi bapa, akakibana katikati ya vyuma viwili vya baridi kali. Baridi inaingia juu na chini kwa pamoja. Mwaka 1929 akauza biashara na haki zake za uvumbuzi kwa dola milioni 22. Tarehe 6 Machi 1930 vyakula hivyo vikaingia madukani Springfield, maduka 18 ya majaribio.

ZUHURA: Ngoja. Hivyo vyuma vingelikubali jabali la wifi?

BARAKA: Kubana sambusa? Utapata chapati yenye nyama.

ZUHURA: Basi hajanisaidia.

BARAKA: Aliyekusaidia ni Msweden. Miaka ya 1960, kampuni ya Frigoscandia ya Helsingborg ilitoa mashine ya njegere. Chini kuna sakafu yenye matundu, hewa ya baridi kali inapulizwa kutoka chini kwenda juu, njegere zinanyanyuka, zinachezacheza hewani. Hazipati nafasi ya kushikana. Ganda la nje linakakamaa kwa baridi kwanza, kisha ndani, dakika chache tu. Ndiyo maana ukinunua mfuko wa njegere zinamiminika moja moja.

ZUHURA: Sambusa itanyanyuka?

BARAKA: Zuhura.

ZUHURA: Nauliza kwa nia njema. Wifi anataka kufungua biashara. Sambusa ina kona tatu, ina nyama ndani, hewa itaibeba?

BARAKA: Njegere ni nyepesi na ni duara. Sambusa ni nzito na bapa. Itakaa pale inakutazama. Ukiongeza upepo mpaka inyanyuke, itagonga ukuta na kona zitavunjika.

ZUHURA: Tutakuwa tumeurudia mchi, ila wa umeme.

BARAKA: Sambusa ingepita kwenye mkanda. Kuna mikanda ya wavu inayozunguka kwenda juu kama ngazi ya mnara, yote ndani ya chumba kimoja chenye upepo wa nyuzi 35 au 40 chini. Zinaingia chini mbichi, zimepangwa kwa nafasi, zinatokea juu zimekakamaa. Na wifi hahitaji hata huo mkanda. Apange kwenye sinia, zisigusane, friza saa kadhaa. Zikishakakamaa ndipo azitie mfukoni.

ZUHURA: Sinia lake haliingii kwenye friza. Ni lile la harusi.

BARAKA: Si achukue dogo?

ZUHURA: Unamjua wifi wewe? Atasema sambusa zake hazikai sinia dogo.

BARAKA: Tumetumia muda wote kwa wifi, bado sijafika kwenye samaki, na mimi nilikuja kwa ajili ya samaki.

ZUHURA: Sema samaki wako.

BARAKA: Mjomba wangu alifanya kazi kiwanda cha minofu ya sangara. Nikiwa mdogo alinionyesha. Wafanyakazi wana makoti mazito na mabuti meupe, mlango ukifunguliwa unatoka ukungu mnene unaotambaa sakafuni. Minofu imelazwa kwenye trei, mmoja mmoja, ngozi ya plastiki katikati ya safu na safu. Ikitoka, ukigonga miwili inalia. Sisi mtaani tunakula mapanki, yale mabaki ya kichwa na mifupa, mnofu unakwenda Ulaya. Mwingine unapanda ndege ukiwa mbichi, mwingine unapanda meli ukiwa umegandishwa. Na nakuambia, ule uliogandishwa kiwandani ni bora kuliko samaki wengi wanaoitwa wabichi hapa Dar.

ZUHURA: Hapo tumeachana.

BARAKA: Nilijua.

ZUHURA: Mimi naenda soko la samaki la Feri alfajiri. Nafungua shavu la changu, jekundu. Jicho limejaa, kioo. Nabonyeza kwa kidole, nyama inarudi. Samaki wa friza atanionyesha nini? Jicho jeupe.

BARAKA: Huyo changu alivuliwa saa ngapi?

ZUHURA: Usiku.

BARAKA: Chombo kilikuwa na barafu?

ZUHURA: Vingine vinayo.

BARAKA: Vingine! Unaona? Ubichi ni saa tu, dada. Waingereza mwaka 1954 walitoa meli inaitwa Fairtry, inavua, inapasua, inagandisha humo humo baharini. Samaki hajalala. Na Wajapani jodari wao wanamweka nyuzi 60 chini, kwa sababu kwenye baridi ndogo nyama yake inageuka kahawia. Kwa nyuzi 60 anabaki mwekundu miezi na miezi, na wanamla mbichi. Watu wanaojua samaki kuliko sisi.

ZUHURA: Kuliko sisi? Sema kuliko wewe wa ziwani. Mimi nimezaliwa Tanga. Halafu sikiliza, kiwanda kimegandisha vizuri, sawa. Samaki kafika dukani. Friza ya duka inafunguliwa kutwa, umeme unakatika, barafu inalainika, inaganda tena. Zile chenga zako ndogo zinabaki ndogo?

BARAKA: Zinakua tena. Lakini hilo ni kosa la duka, si la teknolojia.

ZUHURA: Mimi sili teknolojia, nakula samaki. Anayenifikia ni yule wa dukani.

BARAKA: Na anayekufikia Feri saa nne jua limewaka?

ZUHURA: Siendi saa nne!

BARAKA: Wangapi wanaweza kwenda alfajiri? Mtu anakaa Mbagala, kazini saa moja. Huyo samaki wa saa nne ndiye wake.

ZUHURA: Huyo ashike nguru mkavu, atakuwa na raha zaidi. Lakini usimwambie kwamba mnofu wa paketi ni sawa na changu wangu kwenye tui la nazi. Weka kwenye tui mnofu uliogandishwa uone, unaachia maji, tui linakuwa jepesi.

BARAKA: Umeuyeyusha kwenye maji ya moto, lazima. Uyeyushe kwenye friji usiku kucha.

ZUHURA: Usiku kucha! Si afadhali niamke niende Feri?

BARAKA: Siwezi kukubali hilo.

ZUHURA: Hakuna aliyekuomba ukubali. Fundi mitambo ananionyesha vidole, dakika mbili.

BARAKA: Mafunzo yangu matatu je? Nina naitrojeni ya kimiminika hapa, nyuzi 196 chini. Nina parachichi za Kenya, 2019 China ilizitaka zimenywe na zigandishwe nyuzi 30 chini kwanza, na wakulima wangapi walikuwa na mashine hiyo?

ZUHURA: Hilo la parachichi ni kipindi kizima, liweke. Wiki ijayo tulishaahidi bodaboda.

BARAKA: Nisome hata funzo la kwanza.

ZUHURA: Soma.

BARAKA: La kwanza, kasi ya kugandisha ni...

ZUHURA: Muda umekwisha. Tuandikieni mnaonunua samaki wa paketi, mmeweka kwenye tui ikawaje. Wa Mwanza msijibu, mna upande.

BARAKA: Jibuni.