Mnaniuliza kingereza kinanisumbua nini huku, haya najibu

Haya wapendwa, poleni na majukumu. Mwezi mzima komenti ni ile ile, "kaka umesoma kingereza mpaka fomu foo, huko Uingereza unahangaika nacho nini tena?" Najua nikijibu atatokea mtu aseme najidai, mwingine aseme nalalamika nitumiwe hela, jamani sio hivyo, nasema yalonikuta.

Mwaka juzi ofisi moja iliniomba salari slipu. Nilikuwa nishazituma, nikawajibu "I remember to send them", kichwani mwangu ni nakumbuka nilizituma. Kumbe hapo nimesema nakumbuka kwamba natakiwa kutuma, yaani bado! Ilitakiwa "I remember sending them". Wakasubiri weee, wakafunga faili, ada nikalipa upya pauni 120, na ile hela nilishaiweka ya shule ya mdogo wangu. Inaniuma mpaka leo, hata simu moja ya kuuliza hawakupiga.

Tatizo ni "ku" yetu. Kuamua kuhama, kumaliza kula, kuacha kuvuta, sisi zote ku, tumemaliza. Kwao kila kitendo kina mkia wake, "decide" na "refuse" zinataka "to", "finish" na "enjoy" zinataka "-ing", halafu "stop" inabeba yote na maana inageuka, "he stopped smoking" kaacha sigara, "he stopped to smoke" kasimama ili avute.

Na hii ndo iliniumiza kichwa zaidi. Sisi tunasema nataka uje, alipendekeza niombe, muundo mmoja. Kwao "want" inakataa, husemi "I want that you come", ni "I want you to come". Ukizoea hiyo unaenda kusema "she suggested me to apply", kosa! "Suggest" yenyewe inafuata njia yetu kabisa, "she suggested that I apply".

Kanuni ya kushika zote sijaipata, mimi nina daftari, siandiki kitendo peke yake, naandika na mkia wake kwenye sentensi nzima. Hiyo ni mimi lakini, kuna mtu anasikiliza redio tu zinamwingia, usije kuniambia nimekupoteza.

Mlioniuliza kwa nini barua zao zinaisha na "look forward to hearing" na sio "to hear", hiyo "to" ni nyingine kabisa, ni kama ile ya "to London", nitaileta video ijayo.