Makala ya Zamani Ndiyo Mtaji wa Blogu

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, nanyi mliosafiri kutoka Singida na Kondoa. Mada yetu ni kuendesha blogu na kuikuza, nami nitaibana kwenye jambo moja: kuitunza makala baada ya kuichapisha. Blogu nyingi hufa huku wenyewe wakiandika kila siku. Asubuhi habari mpya, jioni imeshazama, kesho kazi inaanza upya. Mwaka unaisha, makala ni mia tatu, na hakuna hata moja inayoleta wasomaji bila kusukumwa.

Chukueni Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni. Taarifa ileile ya wizara hubandikwa neno kwa neno kwenye blogu kadhaa kwa siku moja. Google haina sababu ya kuichagua yako. Lakini ukimweleza mfanyabiashara wa soko la mahindi la Kibaigwa ni tozo gani imebadilika, nani anailipa, na kwamba mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1, hiyo ataitafuta hata Oktoba.

Kalenda ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Mkulima wa alizeti huanza kuuliza habari za mbegu Oktoba na Novemba. Makala ikitoka Januari, msomaji wake yuko shambani. Tena Google huhitaji muda, pengine wiki kadhaa, kuiona makala na kuipa nafasi. Kwa hiyo ya alizeti iwe tayari Septemba, na kila Septemba irudiwe: bei zisahihishwe, picha zibadilishwe, maswali ya wasomaji yajibiwe ndani yake. Tarehe ya juu ibadilishe pale tu maudhui yamebadilika kweli. Msomaji akikuta tarehe mpya na bei ya zamani, hatakuamini tena.

Kwa kuwa makala ileile inarudiwa kila mwaka, anwani yake ya mtandaoni (URL) isibebe mwaka. Kwenye mfumo wa blogu wa WordPress, chagua anwani ya jina la makala pekee kabla hujachapisha ya kwanza. Blogger, mfumo wa Google, ni ya bure, lakini huweka mwaka na mwezi kwenye anwani, ukubali hivyo tangu mwanzo. Ukilazimika kubadilisha anwani ya makala yenye wasomaji, weka uelekezo wa kudumu, ule wa 301, unaompeleka msomaji wa anwani ya zamani kwenye mpya. Bila huo, kila kiungo kilichosambazwa WhatsApp kitaangukia ukurasa usiokuwepo.

Sasa utajuaje ni makala gani ya kushughulikia? Fungua Google Search Console, chombo kinachokuonyesha jinsi kurasa zako zinavyoonekana na kubofywa kwenye Google; ni bure. Ingia kwenye ripoti ya utendaji, chagua miezi mitatu, panga kurasa kwa idadi ya kuonekana. Tafuta zinazoonekana sana lakini hazibofywi. Kama wastani wa nafasi kwenye matokeo ni ya tatu au ya nne na bado watu wanakupita, kasoro kwa kawaida iko kwenye kichwa. “Kilimo cha alizeti” hakimwambii mtu kitu. “Alizeti ya Record Kongwa: nafasi ya kupanda na palizi” kinamwambia mbegu (Record), mahali na kazi, na hakizidi herufi sitini, hivyo hakitakatwa sana kwenye matokeo. Kama nafasi ni ya nane hadi ya ishirini, soma maneno waliyoyatafuta. Mara nyingi utakuta swali ambalo makala yako haikulijibu. Lijibu kwa aya kamili. Na ukikuta makala zako mbili zinagombea swali moja, ziunganishe kwenye ile yenye nguvu, nyingine ielekeze kwa 301. Ripoti hiyo hutunza miezi 16, kwa hiyo linganisha msimu huu na uliopita, usilinganishe Novemba na Machi.

Picha ndizo huwafukuza wasomaji kimyakimya. Picha ya simu inaweza kufika megabaiti 4. Weka tano, umemlia msomaji megabaiti 20 za bando kabla hajasoma aya ya pili. Zipunguze hadi upana wa pikseli 1200 na kilobaiti 100 hivi kila moja. Zote tano zitakuwa nusu megabaiti.

Kila makala mpya ipate viungo kutoka makala mbili tatu za zamani, kwa maneno yanayotaja mada, si “bonyeza hapa”.

Kuhusu sheria: Kanuni za Maudhui Mtandaoni zilitoka 2018, zikaandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Anayetaka kuchapisha habari na matukio aende kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) Kanda ya Kati, hapahapa Dodoma, aulize kama anahitaji leseni na ada ya sasa. Msitegemee mliyoyasikia mitaani. Na ukikusanya namba za simu za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu.

Jina la kikoa, yaani jina la blogu mtandaoni (domain), lisajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, si za fundi aliyekutengenezea. Fundi akihama na malipo ya mwaka yakapitwa, blogu inazimika na huna pa kuidai. Nakala ya blogu nzima ichukuliwe kila wiki, ikae nje ya seva, na mara moja kwa miezi mitatu ijaribiwe kurejeshwa mahali pengine, maana faili lililoharibika hulioni mpaka ulifungue.