Nchi za visiwa na VVU: shida ya kuwa mdogo

Asanteni. Mada niliyopewa ni pana, ushirikiano wa kimataifa wa kupambana na VVU kwenye nchi za visiwa, ila mi nitakomaa na kitu kimoja maana ndo kinasahaulikaga, udogo. Tukisikia ushirikiano wa kimataifa tunawaza hela za wafadhili tu. Sawa, hela muhimu, na nchi kama Shelisheli ikishahesabiwa ya kipato cha juu milango mingi ya misaada inafungwa, lakini kisiwa kinaweza kuwa na hela na bado dawa zikakosekana.

Chukulia kisiwa chenye watu 30 tu wanaotumia ARV. Kiwanda hakina haja na oda ya watu 30, kwa hiyo bei inakuwa juu, meli nayo inakuja ikijisikia, ukiagiza nyingi zinaekspaya, ukiagiza chache zinakata. Halafu mmoja wao anapata TB. Akianza dozi yenye rifampisini, ile ARV yake inayoitwa dolutegravir, ya miligramu 50, aliyokuwa anameza mara moja kwa siku inabidi ameze mara mbili, maana rifampisini inafanya mwili uimalize haraka. Kwenye nchi kubwa stoo hawawezi hata kushtuka, hapa mgonjwa mmoja tayari anakula akiba ya mwenzake.

Karibi ya Mashariki walishtukia mapema. Mwaka 1986, ARV ya kwanza hata haijaidhinishwa, visiwa vile vilianza kununua dawa kwa pamoja, oda zinakusanywa, tenda inakuwa moja, na malipo yakapitishwa kwenye benki kuu yao ya pamoja. Hapo kwenye malipo ndo penye akili, kwa sababu muuzaji ukimcheleweshea mara mbili tatu anakupandishia bei au anakukimbia kabisa. ARV zilipokuja njia ilishakuwepo. 2017 WHO ikathibitisha Anguilla, Antigua na Barbuda, Montserrat, Saint Kitts na Nevis, pamoja na Bermuda na Visiwa vya Cayman, kwamba wametokomeza maambukizi ya VVU na kaswende kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kuba ilitangulia 2015 ikiwa ya kwanza duniani. Sisemi tenda ndo ilifanya yote, kazi yenyewe ni kupima wajawazito, ila kipimo na dawa lazima viwepo siku mama anafika kliniki, sio wiki tatu baadaye.

Sasa tuje Fiji. Nchi haijafika hata watu milioni moja, 2024 ikarekodi maambukizi mapya 1,583, na Januari 2025 serikali ikatangaza mlipuko. Kichocheo kikubwa ni kujidunga madawa ya kulevya na kuchangia sindano. Australia na New Zealand wanasaidia, vizuri, lakini mi najiuliza mbona hatusikii sana Morisi ikiitwa? Morisi ni kisiwa, walipigwa na janga hilohilo la sindano, na 2006 wakaanza kutoa methadoni (dawa anayopewa mraibu badala ya heroini) na sindano safi, sheria ya kuruhusu sindano hizo wakatunga mwaka huohuo. Nesi wa Morisi aliyezozana na polisi wanaowavizia watu mlangoni pa kliniki ana mengi ya kumwambia nesi wa Fiji kuliko mshauri anayetua na laptop, analala siku nne anaondoka (samahani kama yupo hapa).

La mwisho ni siri. Kisiwani anayekupima ni binamu yako, anayekupa dawa mnasali naye, ndo maana wengine wanavuka kabisa kwenda kisiwa cha jirani ambako hawajulikani. Tunaita utoro, wakati mtu anatafuta dawa! Kwa hiyo mkataba wowote wa visiwa mtakaoniletea, kipengele nitakachotafuta kwanza ni hicho, mtu akivuka na kadi yake apewe dawa ya miezi mitatu bila maswali, na iandikwe nani anairudishia ile stoo ya jirani na kwa muda gani.