Kamera inalagi ukiwa laivu na gemu? Usilaumu intaneti kwanza

Oya wadau mambo vipi, karibuni tena. Leo tunashughulika na ule ugonjwa ambao gemu kwenye strimu inatembea freshi kabisa ila kale kaboksi ka sura yako pale pembeni kanaruka ruka kama picha za kubandika, mdomo unafunguka sauti ishapita kitambo. Mimi hii kitu ilinitesa wiki nzima, nikaenda kulipia intaneti yenye spidi zaidi, na unajua tatizo lilikuwa nini? Mwanga. Nilikuwa nastrimu usiku na taa moja iko nyuma yangu. Tutafika huko.

Natumia OBS, ile programu ya kurekodi na kurusha strimu, kwenye Windows, kwahiyo menyu ntakazoonesha ni za huko.

Kabla hujagusa setingi yoyote fanya jaribio hili. Fungua OBS, usiende laivu, gemu iwe imefungwa. Sasa angalia kioo cha OBS huku unapunga mkono mbele ya kamera, punga kwa nguvu usione aibu uko peke yako. Kama mkono unakatika katika hapo hapo basi intaneti haihusiki hata kidogo maana bado hujatuma kitu popote, tatizo liko kati ya kamera na kompyuta. Kama uko smuzi, acha OBS wazi, washa gemu, cheza dakika mbili tatu huku unachungulia tena. Ukiona sasa ndo inaganda, basi ni gemu inakula kadi ya grafiki yote, ruka mpaka mwisho mwisho wa video. Na kama hapa kwako kila kitu kiko poa ila watazamaji wanalalamika strimu nzima inakwama, gemu pamoja na sura, hapo ndo uende kwenye intaneti, na hiyo sio video ya leo.

Haya, tuseme mkono unakatika. Anza na mwanga, na sitanii.

Kamera ikiwekwa fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde, kila fremu ina kama milisekunde 33 tu za kukusanya mwanga. Chumba kikiwa giza hizo hazitoshi, so kamera ikiwa kwenye oto inajiongezea muda, inafungua jicho milisekunde 66 hivi ili sura yako ionekane, na ikifanya hivyo zile fremu 30 zinakuwa 15. Haikuambii, haitoi alama, OBS bado inaandika 30 pale chini, we unaona tu unatembea kama roboti. Kwahiyo washa taa iwe mbele yako, sio nyuma wala juu ya kichwa, alafu punga mkono tena. Kuna watu video yao inaishia hapa, kwaheri wakuu.

Ila hata kama taa imesaidia mimi nashauri umalize kazi. Bonyeza kulia jina la kamera kwenye orodha ya sosi, ingia "Properties", bonyeza "Configure Video". Litatokea kadirisha kana sura ya kizamani sana, usikadharau. Tafuta "Exposure", ndo ule muda wa jicho la kamera kuwa wazi, toa tiki ya oto, weka mwenyewe. Namba za pale zinachanganya, ziko hasi: kwenye kamera nyingi -5 ni kama sehemu 1 ya 32 ya sekunde, -6 ni 1 ya 64, yaani kila ukishuka hatua moja muda unakatwa nusu. Ukitaka fremu 30 kaa kwenye -5 au chini yake, ukitaka 60 anzia -6. Picha ikiwa giza ongeza taa, usirudi -4, ukirudi -4 umerudi kulekule. Hapohapo kama kuna "Low Light Compensation" itoe tiki, ndo huyo huyo mchawi kwa jina lingine. Na picha ikianza kuwa na mistari inayopanda na kushuka hiyo sio lagi, ni taa zinapepesa, badilisha ile setingi ya umeme ya 50Hz au 60Hz ifanane na umeme wa ulipo.

Bado inakatika? Twende kwenye waya.

Hapa kuna hesabu kidogo lakini ni tamu, nivumilie. Kamera ikituma picha ghafi, yaani haijabanwa, ile fomati inaitwa YUY2, kila nukta ya picha ni baiti 2. Picha ya 1920 kwa 1080 ina nukta milioni 2 na ushee, zidisha mara 2, zidisha fremu 30, unapata karibu megabiti 1000 kila sekunde. USB 2.0 kwenye makaratasi ni megabiti 480, na kiuhalisia kamera haipati hata hizo zote. Umeona sasa? Haiwezi kupita, ni kama kulazimisha tembo apite tundu la sindano, so kamera inapunguza fremu mpaka mzigo utoshe, unajikuta na fremu 5. Tano!

Dawa ni kubadilisha fomati. Rudi "Properties", ile "Resolution/FPS Type" iweke "Custom", chagua saizi mwenyewe, fremu 30, alafu kwenye "Video Format" chagua MJPEG. Hiyo inabana kila fremu kabla haijatoka kwenye kamera, mzigo unakuwa mdogo, prosesa inafanya kikazi kidogo cha kuifungua basi. Na jamani, kale kaboksi kako pembeni ya strimu ni kadogo, 1080 ya nini? Weka 1280 kwa 720, hakuna mtu atakayeona tofauti. Kama kompyuta ni dhaifu sana hata 640 kwa 480 inatosha, hiyo hata ghafi inapita kwenye USB 2.0 bila shida.

Kwenye ukurasa huohuo kuna "Buffering", iweke "Disable". Bafa inatunza fremu kwanza ndo inazionesha, matokeo yake sura inachelewa.

Poti sasa. Chomeka kamera moja kwa moja kwenye kompyuta, sio kwenye kile kigawanyio ambacho kina kibodi, mausi, maiki na hadi diski ya nje, vyote hivyo vinagombania njia moja. Jaribu poti ya upande mwingine. Na funga programu nyingine zinazotumia kamera, hata ile ya kupiga stori na washkaji.

Haya, wale niliowaambia waruke, karibuni. Kwenye menyu ya "Docks" fungua "Stats". Ukiona namba ya fremu zilizokosekana kwa "rendering lag" inapanda wakati gemu iko wazi, maana yake OBS inaomba nafasi kwenye kadi ya grafiki na gemu imeshakalia kiti. Weka kikomo cha fremu ndani ya gemu, labda 60 au kiasi ambacho kadi haifiki 99%, na fungua OBS kama administreta, inapewa kipaumbele. Ikiwa inayopanda ni ya "encoding lag" basi punguza mzigo wa enkoda, ile inayobana video kabla haijatumwa, au kama una kadi ya NVIDIA hamia NVENC, enkoda iliyo ndani ya kadi yenyewe. Na yale mafilta ya kufuta chumba nyuma yako, yatoe kwanza uone, yanakula sana.

La mwisho, sauti na mdomo. Hata kamera nzima huwa inachelewa kidogo kuliko maiki. Rekodi, usiende laivu, piga kofi moja mbele ya kamera. Fungua hiyo rekodi kwenye programu ya kuhariri, hesabu fremu kuanzia mlipuko wa sauti mpaka viganja vinapogusana. Kwenye fremu 30 kila moja ni milisekunde 33, so fremu 4 ni kama 132. Nenda "Advanced Audio Properties", kwenye maiki weka 132 pale "Sync Offset", rekodi kofi lingine. Mimi ya kwangu ilikaa sawa kwenye 100, kofi la tatu.