Mlango wa Paneli Unafungukia Wapi?

Wenzangu mafundi, na nyinyi wenye viwanda mliokubali kukaa mbele, asanteni kwa kuja. Habari za kuwasha na kulinda mota, yaani kontakta, ovalodi na sta-delta, mnazijua. Mimi nimekuja na futikamba, na neno langu ni lile lile la siku zote: nafasi iliyo mbele ya paneli, yaani kabati la vifaa vya umeme.

Chukueni kiwanda cha kukamua alizeti, kama vile vya Singida. Paneli ya mota imewekwa kwenye kichumba cha tofali za saruji. Kutoka uso wa paneli hadi ukutani ni sentimita 90, na mwenye kiwanda anaona ametoa nafasi kubwa. Mlango wa paneli una upana wa sentimita 80. Ufungue: zimebaki kumi. Sasa fundi yuko ndani, mlango ulio wazi umemtenga na njia ya kutokea, mikononi ana waya mbili za multimita, anatafuta fezi iliyopotea, yaani waya wa moto uliokosa umeme. Mgongo umegusa ukuta. Shati limelowa jasho.

Hapo ataniambia mtu, "Mwalimu, tofali halipitishi umeme." Linapitisha! Saruji hushika unyevu, na kwenye hesabu za usalama ukuta huo ni erthi, yaani kama umeungwa na ardhi. Kidole kikigusa fezi, umeme wa volti 230 unapita mkononi, kifuani, unatokea mgongoni. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani, NEC, kifungu cha 110.26, zinauliza kwanza nyuma yako kuna nini. Kwa volti 151 hadi 600 kwenda erthi, na 230 yetu imo: kama nyuma yako hakuna chenye umeme wala chenye erthi, acha mita 0.9 mbele ya paneli. Ukiwa ukuta wa saruji, mita 1.07. Zikiwa paneli mbili zinatazamana na sehemu zenye umeme ziko wazi pande zote, mita 1.22. Upana sentimita 76 au upana wa paneli yenyewe, uliozidi ndio ufuatwe. Kimo mita 2.

"Sisi si Wamarekani, tunafuata IEC, viwango vya kimataifa vya umeme." Vizuri. IEC 60364, sehemu ya 729, inakubali njia ya sentimita 70. Naona wenye viwanda mmeanza kutabasamu; subirini kidogo. Sehemu hiyo hiyo inataka mlango wa paneli ufunguke nyuzi 90, tena ukisukumwa ujifunge kuelekea upande wa kukimbilia. Mlango wa sentimita 80 kwenye njia ya 70 utaufungua nyuzi 90 wapi?

Na hili la upande wa kujifunga ndilo linalonikera. Transfoma ya kVA 1000 yenye impidansi (kizuizi chake cha ndani) ya asilimia 5 inaweza kumwaga karibu kA 29, yaani ampia 29,000, kwenye busibaa, zile fito za shaba ndani ya paneli, fezi zikigusana. Spana ikidondoka, moto na shaba iliyoyeyuka vinatoka mbele, alikosimama mtu. Haoni, anakimbia akitanguliza bega. Bawaba zikiwa upande sahihi, mlango unajifunga na yeye anapita. Zikiwa upande mwingine, anausukuma hadi mwisho wa bawaba zake na kubaki humo. Mwambieni mtengenezaji hilo kabla hajatoboa bati.

"Tutazima kwanza." Zimeni, wekeni kufuli na kibao. Lakini kuhakikisha kwamba umeme umekatika kunafanyika paneli ikiwa wazi: jaribu tesa, kile kipimio cha umeme, penye umeme, pima, kisha ijaribu tena penye umeme. Swichi kuu ikizimwa, terminali za upande unaoingilia umeme bado zina umeme. Inveta, kifaa cha kurekebisha mwendo wa mota, nayo ina kapasita zinazotunza umeme. Subiri dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko chake, usikisie.

Halafu mnaacha nafasi, stoo inaichukua. Leo ndoo ya mafuta, kesho magunia ya mashudu, keshokutwa pikipiki ya mlinzi. Pakeni rangi ya njano sakafuni na mtu mmoja apewe jukumu la kupafukuzia vitu.

Naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Inveta ya kW 75 hupoteza asilimia 2 hadi 3 kama joto, yaani karibu kW 2 ndani ya boksi. Iacheni nafasi ya hewa juu na chini kama kitabu chake kinavyosema, na filta zioshwe maana vumbi la alizeti lina mafuta. Kebo ziingie kwa chini, kila moja na glendi yake ya kuibana. Mlango uwe na waya wake wa erthi, msitegemee bawaba. Terminali zikazwe kwa kipimo cha mtengenezaji, si kwa nguvu za mkono. Bomba la maji juu ya paneli, hilo sitaki hata kulijadili.

Mwenye ramani ambayo ukuta wake haujajengwa aje nayo mezani sasa hivi, kalamu ninayo. Ambao ukuta umeshasimama, tukutane baada ya chai tuzungumze bawaba.