Mtoto Anapolia Katikati ya Sala

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kina mama mlioketi na watoto mapajani, wakianza kulia msiondoke. Mazungumzo ya leo ni yao.

Wamepokea Bukhari na Muslim, wakusanyaji wa hadithi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akiingia katika sala kwa nia ya kuirefusha, kisha akisikia mtoto analia huifupisha, kwa kujua jinsi moyo wa mama yake unavyotaabika. Na katika riwaya ya Nasai, siku moja alirefusha sijda hata masahaba wakadhani limetokea jambo, au anateremshiwa wahyi. Baada ya sala akawaeleza: mjukuu wake, Hasan au Husein, alikuwa amempanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka.

Tazameni, ndugu zangu. Kwa ajili ya mtoto, sala moja imefupishwa. Kwa ajili ya mtoto, sijda nyingine imerefushwa. Angejuaje lipi lifanywe lini, kama moyo wake haukuwapo? Sisi tumeizoea khushuu, yaani utulivu wa moyo katika sala, ya kufunga mlango na kuwafukuza watoto uani. Yeye alikuwa imamu, safu za watu ziko nyuma yake, na bado alitambua kwamba huyu analia na huyu anacheza.

Sasa twende majumbani mwetu, baada ya Magharibi. Mtoto katoka chuoni, kusoma Qur'ani, ana jambo la kukusimulia, nawe unaitikia "mh" huku macho yako kwenye simu. Mtoto anaijua hiyo "mh". Akiizoea, ataacha kusimulia, na akishabalehe tutalalamika kwamba hatuambii kitu. Kina baba, hapa nasema nanyi hasa, maana wengi wetu twadhani karo na chakula vimetosha.

Imepokewa katika sifa za Mtume kwamba akigeuka, hugeuka mwili mzima. Tuanze na hilo. Mtoto akikuita, weka simu chini, vuta pumzi, sema Bismillahi moyoni, umgeukie mzima. Mama uliyechoka, hakuna anayekudai saa nzima; dakika chache za moyo uliohudhuria zinamfaa mtoto kuliko jioni nzima ya "ngoja kwanza". Na ikiwa kweli huwezi, mwambie utamsikiliza baada ya Isha, kisha ukishatoa salamu umwite wewe mwenyewe, usingoje akukumbushe.